Benjamin Franklin na Pauni Elfu Mbili

1. Mtoto wa fundi mishumaa

Ndugu msomaji, katika habari hii utasoma maisha ya Benjamin Franklin. Sura yake imechapwa juu ya noti ya dola 100 ya Marekani. Watu wengi duniani wameiona sura hiyo. Lakini wengi hawajui kwamba mtu huyu alisoma shule miaka miwili tu. Tena hawajui kwamba alipokufa aliacha fedha ambazo ziliendelea kuzaa kwa muda wa miaka 200.

Soma pole pole. Ukifika mahali penye hesabu, chukua kalamu na karatasi, uhesabu mwenyewe.

Franklin alizaliwa tarehe 17 Januari 1706 katika mji wa Boston. Siku hizo Marekani haikuwa nchi huru. Sehemu ile ilikuwa makoloni ya Uingereza. Baba yake aliitwa Josiah. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mishumaa na sabuni. Mzee Josiah alioa mara mbili, maana mke wa kwanza alikufa. Alipata watoto 17. Benjamin alikuwa mdogo kuliko wavulana wote wa nyumba ile.

Nyumba yenye watoto 17 haina fedha za kuchezea. Benjamin alipofika miaka 10 alitolewa shuleni. Akawekwa kazini pamoja na baba yake, kukata tambi na kumimina mafuta ya mishumaa. Hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Kitu alichopenda ni kusoma.

2. Nusu ya nusu

Alipokuwa na miaka 12, baba yake alimpeleka kwa kaka yake aliyeitwa James. James alikuwa mpiga chapa wa vitabu na magazeti. Benjamin akawa mwanagenzi wake. Maana yake, alifunzwa kazi bila mshahara, kwa mkataba wa miaka mingi.

Kazi ile ilimkutanisha na vitabu. Wanagenzi wenzake waliofanya kazi kwa wauza vitabu walimwazima kitabu jioni. Yeye alikesha akikisoma, na asubuhi alikirudisha kikiwa safi.

Sasa angalia jambo hili dogo, maana ndilo mwanzo wa mambo makubwa. James alikuwa akilipa fedha kila juma kwa ajili ya chakula cha mdogo wake. Benjamin alipokuwa na miaka kama 16 aliacha kula nyama. Akamwomba kaka yake ampe nusu ya fedha zile, ajilishe mwenyewe. James akakubali mara moja, kwa kuwa naye alipata nafuu. Benjamin akala mkate, zabibu kavu na maji. Kila juma alibakiwa na nusu ya fedha alizopewa.

Je, fedha hizo alizifanyia nini? Alinunua vitabu. Vitabu vilimpa maarifa. Maarifa yalimpa kazi bora zaidi. Kazi bora ilimpa fedha za kununua vitabu vingine. Alichokipata hakukila chote. Sehemu alirudisha shambani kama mbegu.

3. Kukimbilia Philadelphia

James alikuwa mkali, na mara nyingine alimpiga mdogo wake. Mwaka 1723, akiwa na miaka 17, Benjamin alitoroka. Alipanda chombo hadi New York, akakosa kazi. Akaendelea mpaka mji wa Philadelphia, sehemu ya njia kwa miguu.

Aliingia mjini mchafu, amechoka, na ana njaa. Mfukoni alikuwa na fedha kidogo sana. Kwa peni 3 alinunua mikate mikubwa mitatu. Mmoja akala akitembea. Miwili akampa mama mmoja aliyekuwa safarini na mtoto wake.

Akapata kazi kwa mpiga chapa wa mji ule. Gavana wa koloni akamwona kuwa kijana hodari. Akamshauri aende London kununua mitambo, akaahidi kumpa barua za udhamini. Benjamin akasafiri mwaka 1724. Alipofika London aligundua kwamba hakuna barua yoyote. Ahadi ilikuwa maneno matupu. Alilazimika kufanya kazi ya chapa huko London kwa mwaka mmoja na nusu, ndipo akarudi Philadelphia mwaka 1726.

4. Rafiki wawili

Mwaka 1728 Franklin na mwenzake walifungua kiwanda chao cha chapa. Mtambo ulinunuliwa kwa mkopo, na baba wa yule mwenzake ndiye aliyeahidi kuulipa. Mzee huyo alilipa nusu tu, nusu ya pili ikamshinda. Wenye deni wakaenda mahakamani. Franklin alikuwa karibu kunyang'anywa kila kitu.

Hapo rafiki wawili walimjia, kila mmoja kwa wakati wake, bila kuambiana. Mmoja aliitwa William Coleman, wa pili Robert Grace. Kila mmoja alikuwa tayari kumkopesha fedha zote alizohitaji. Franklin hakutaka kumwudhi yeyote. Akachukua nusu kwa huyu na nusu kwa yule. Akalipa deni. Mwenzake akajitoa, na kiwanda kikabaki chake peke yake.

Jambo hili Franklin hakulisahau mpaka uzeeni. Kijana fundi mwenye bidii alikuwa karibu kuanguka. Mkopo mdogo, uliokuja kwa wakati wake, ukamwokoa. Utaona baadaye kumbukumbu hiyo ilizaa nini.

5. Fedha zinazozaa

Franklin alifanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku. Karatasi alizonunua alizisukuma mwenyewe barabarani kwa toroli. Alichapa gazeti. Tangu mwaka 1732 alitunga kitabu cha kalenda kilichotoka kila mwaka. Ndani yake mlikuwa na habari za mwezi, majira na mawaidha. Kila mwaka viliuzwa vitabu karibu 10,000.

Faida ilipokuja, hakujenga jumba la fahari. Mwaka 1731 alimtuma mfanyakazi wake mmoja Carolina ya Kusini. Alimpa mtambo na herufi za chapa. Wakapatana hivi: Franklin atalipa theluthi ya gharama, na kila mwaka atapata theluthi ya faida. Mapatano yalikuwa ya miaka 6. Baadaye alifanya hivyo na wapiga chapa wa miji mingine. Faida iliyotoka mji mmoja ilisaidia kununua mtambo wa mji mwingine.

Siku hizi tungesema Franklin alikuwa na hisa katika viwanda hivyo. Sehemu ya faida aliyopata tungeiita gawio. Na gawio hilo alilirudisha kazini.

Mwaka 1748, akiwa na miaka 42, aliacha kazi ya mikono. Kiwanda akamwachia mshirika wake, David Hall. Kwa miaka 18 Franklin alipata sehemu yake ya faida bila kushika wino.

6. Kazi kwa ajili ya watu

Baada ya hapo Franklin alipata nafasi ya kufanya mambo mengine. Alichunguza radi, akaonyesha kuwa ni umeme. Akabuni fimbo ya chuma inayowekwa juu ya nyumba ili radi ishuke ardhini bila kuleta madhara. Alitengeneza jiko la chuma lenye kuokoa kuni. Alipotakiwa kuchukua haki ya kuliuza peke yake, alikataa. Alitaka kila mtu aweze kulitengeneza.

Hata kabla ya kuacha kazi alikuwa amewaunganisha wenzake. Mwaka 1731 walichanga fedha wakaanzisha maktaba. Mwaka 1736 waliunda kikundi cha kuzima moto. Baadaye, mwaka 1751, alisaidia kuanzisha hospitali.

Mwaka 1776 alikuwa mmoja wa watu waliotia sahihi tangazo la uhuru wa Marekani. Kisha alikwenda Ufaransa kutafuta msaada wa vita, akaupata. Mwaka 1783 alitia sahihi mapatano ya amani na Uingereza.

Ndugu msomaji, lazima tuseme na upande mwingine. Kwa miaka mingi Franklin alikuwa na watumwa nyumbani kwake, watu wa asili ya Afrika. Gazeti lake lilichapa matangazo ya kuuza watumwa. Uzeeni alibadilika. Mwaka 1787 akawa mwenyekiti wa chama cha kupinga utumwa huko Pennsylvania. Mwezi wa Februari 1790 alitia sahihi ombi kwa Bunge la Marekani ili utumwa ukomeshwe. Ombi halikukubaliwa. Miezi miwili baadaye, tarehe 17 Aprili 1790, alifariki dunia. Alikuwa na miaka 84.

7. Wasia

Kutoka mwaka 1785 mpaka 1788 Franklin alikuwa mkuu wa serikali ya Pennsylvania. Alilipwa mshahara, lakini aliamini kwamba viongozi katika nchi ya watu huru wasilipwe. Akaamua fedha za mshahara huo zirudi kwa watu.

Mwaka 1789 aliongeza maneno katika wasia wake. Aliacha pauni 2,000. Pauni 1,000 zilikuwa za Boston, mji aliozaliwa. Pauni 1,000 zilikuwa za Philadelphia, mji uliompokea. Lakini aliweka masharti:

Fedha zikopeshwe mafundi vijana waliooa, wenye umri usiofika miaka 25, waliomaliza uanagenzi wao.

Kila kijana akope si chini ya pauni 15, wala si zaidi ya pauni 60.

Kila kijana awe na wadhamini wawili wenye sifa njema.

Kila mwaka alipe riba ya asilimia 5, pamoja na sehemu moja ya kumi ya deni.

Fedha zikirudi, zikopeshwe tena papo hapo kwa wengine. Kwa miaka 100 mtu asizile.

Je, unaona kumbukumbu ya Coleman na Grace? Mzee huyu alitaka kila kijana fundi apate rafiki wa kumkopesha, hata baada ya yeye kufa.

8. Hesabu ya Franklin

Sasa tuhesabu. Riba ya asilimia 5 maana yake ni kwamba kila shilingi 100 huzaa shilingi 5 kwa mwaka.

Tuseme una shilingi 100. Baada ya mwaka mmoja zitakuwa 105. Ukizila zile 5, unabaki na 100, na mwaka wa pili utapata 5 tena. Lakini usipozila, mwaka wa pili zitazaa zile 105. Utapata 110 na senti 25. Mwaka wa tatu utapata 115 na senti 76. Mtoto naye ameanza kuzaa. Ni kama mbuzi: ukichinja kila mtoto anayezaliwa, utabaki na mbuzi mmoja.

Mwanzoni tofauti ni ndogo, na mtu anaweza kuidharau. Lakini baada ya miaka 14 na kidogo, zile 100 zimekuwa 200. Baada ya miaka mingine 14 na kidogo, zimekuwa 400.

Rudi sasa kwenye pauni 1,000 za Franklin. Kama watu wangekula riba kila mwaka, wangepata pauni 50 mara 100, yaani pauni 5,000. Pamoja na zile 1,000 za mwanzo, jumla ni pauni 6,000. Lakini riba ikirudishwa kila mwaka, baada ya miaka 100 jumla ni zaidi kidogo ya pauni 131,000. Mtaji ni uleule. Riba ni ileile. Tofauti ni kwamba hapa hakuna aliyekula.

Franklin aliagiza kwamba baada ya miaka 100 kila mji utumie pauni 100,000 kwa kazi za faida ya wote. Pauni 31,000 zilizobaki zikopeshwe tena kwa miaka 100 mingine. Alihesabu kwamba mwisho wake zingekuwa zaidi ya pauni milioni 4 kwa kila mji. Hapo zingegawanywa kati ya mji na serikali ya jimbo.

9. Yaliyotokea

Hesabu ya karatasini haina ukame wala ugonjwa. Maisha ya watu yanavyo. Je, ilikuwaje?

Kwanza, baadhi ya wakopaji hawakulipa. Penye uzembe wa kudai, fedha zilipotea. Pili, dunia ilibadilika. Viwanda vikubwa vya mashine vilikuja, na desturi ya uanagenzi ikafifia. Ikawa vigumu kupata vijana wenye sifa alizotaja Franklin. Fedha ambazo hazikukopwa hazingeweza kuzaa zenyewe.

Wasimamizi wa Boston waliweka sehemu kubwa ya fedha katika kampuni moja ya kutunza na kuzalisha mali za watu. Kwa hiyo fedha zao zilikua vizuri, lakini mafundi wachache tu ndio waliokopeshwa. Philadelphia waliendelea zaidi kukopesha watu, na mfuko wao ukakua pole pole.

Ilipotimia miaka 100, Boston walikuwa na kama dola 390,000. Zilikuwa pungufu ya zile alizotazamia Franklin, lakini zilikuwa nyingi. Kumbuka kwamba pauni 1,000 za mwanzo zilikuwa sawa na dola 4,400 hivi. Sehemu kubwa ilitumika kujenga chuo cha ufundi, na tajiri Andrew Carnegie akaongeza fedha zake. Chuo kilifunguliwa mwaka 1908.

Mwaka 1990 ilitimia miaka 200. Mfuko wa Boston ulikuwa na zaidi ya dola milioni 4. Ule wa Philadelphia ulikuwa na kama dola milioni 2. Fedha za Boston ziliishia kukisaidia chuo kilekile cha ufundi. Philadelphia zilisaidia, pamoja na mambo mengine, masomo ya vijana wanaojifunza ufundi.

10. Tunajifunza nini?

Ndugu msomaji, hesabu hii si ya riba peke yake. Wako watu ambao dini yao inawakataza riba. Hata hisa hufuata njia hiyohiyo. Mtu akinunua hisa za kampuni au za chama cha ushirika, amekuwa mmoja wa wenye mali. Faida ikipatikana, hugawiwa gawio. Akilitumia lote, hisa zake zinabaki zilezile. Akilinunulia hisa nyingine, mwaka unaofuata gawio linaweza kuwa kubwa zaidi, maana hisa zimeongezeka.

Lakini ujue mambo matatu. Jambo la kwanza, hakuna aliyeahidi kwamba faida itapatikana kila mwaka. Kampuni inaweza kupata hasara, hata kufa. Mwenye kuweka mali yake yote katika kampuni moja huanguka nayo. Fedha za Franklin ziligawanywa kwa mafundi wengi. Wachache waliposhindwa kulipa, mfuko haukufa.

Jambo la pili, bei za vitu hupanda. Dola ya mwaka 1990 haikuweza kununua vitu kama dola ya mwaka 1790. Fedha zikiongezeka kwa hesabu, uliza pia zinanunua nini.

Jambo la tatu, fedha hazijilindi. Miji miwili ilipewa pauni sawa, mwaka mmoja, kwa masharti yaleyale. Mwisho wake mmoja ulikuwa na mara mbili ya mwingine. Tofauti ilitokana na watu waliosimamia: walikopesha nani, walidai vipi, na kilichorudi walikiweka wapi.

Franklin hakuwahi kumwona hata kijana mmoja aliyekopa pauni zile. Alipanda mti huku akijua kwamba hatakaa kivulini mwake. Alikwisha kujifunza jambo hilo tangu utotoni, alipokuwa akila mkate na zabibu ili abakize fedha za kitabu.

Maana ya maneno

Gawio: sehemu ya faida anayopewa mwenye hisa.
Hisa: sehemu ya mali ya kampuni au ushirika ambayo mtu ameinunua.
Mdhamini: mtu anayeahidi kulipa deni ikiwa mkopaji atashindwa.
Mtaji: fedha za kuanzia kazi.
Mwanagenzi: mtu anayejifunza kazi kwa fundi.
Wasia: maagizo anayoacha mtu kuhusu mali yake baada ya kufa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kijana Franklin alizifanyia nini fedha alizobakiza katika chakula?
2. Kwa nini aliwakumbuka mafundi vijana katika wasia wake?
3. Una shilingi 200 zinazozaa asilimia 5 kwa mwaka. Usipokula kitu, zitakuwa ngapi baada ya miaka miwili?
4. Boston walikuza fedha zaidi, lakini walikopesha mafundi wachache. Philadelphia walikopesha zaidi, lakini fedha zilikua kidogo. Ninyi mngechagua njia ipi? Kwa nini?
5. Kama kikundi chenu kingekuwa na mfuko wa namna hii, nani angeusimamia? Mngefanya nini kwa mtu asiyelipa?